Grosi siyo mshahara: hii kitu ya kuwa ona-opareta wa malori Marekani, tuielewe vizuri

Kuna voisi noti ilizunguka kwenye grupu letu la familia. Binamu yangu yuko Marekani anaendesha semi, anaongea kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "wiki hii nimepiga elfu saba na mia mbili." Dola hizo. Basi grupu likawaka. Mjomba anauliza lori linauzwaje, shangazi anataka mwanawe aache kazi ya ghalani kesho asubuhi akatafute CDL, yani leseni ya kuendesha malori makubwa, na kuna ndugu yetu mwingine yuko Texas anaendesha lori la kampuni, huyo akaandika kabisa kwamba yeye anaibiwa, maana bosi anamlipa senti 65 kwa maili wakati mzigo unalipa dola mbili na nusu, sasa zile nyingine zinaenda wapi?

Swali la huyo wa Texas ndo zuri kuliko yote. Mimi siendeshi, ila ndo namwekea binamu mahesabu, kila Jumapili ananitumia picha za risiti nazipanga, kwa hiyo hiyo elfu saba na mia mbili naijua nje ndani. Na naijua pia wiki iliyofuata, ambayo haikuwa na voisi noti.

Tuanze na jina lenyewe. Ona-opareta ni mtu anayemiliki lori na kuliendesha mwenyewe. Maana ni hiyo tu. Shida ni kwamba chini ya jina hilo wamekaa watu wa aina tatu ambao maisha yao hayafanani, na nusu ya ubishi unaosikia ni watu wa aina hizi tatu wanabishana bila kujua kwamba hawazungumzii kitu kimoja.

Wa kwanza ana lori lake lakini amelisi kwa kampuni, yani anafanya kazi chini ya kibali cha kampuni. Ni kama fundi cherehani mwenye mashine yake anayekaa kwenye baraza la duka la mtu: wateja wanakuja kwa jina la duka, mwenye duka anakata chake, fundi anabaki na chake. Kampuni inamtafutia mizigo, inabeba bima kubwa ya barabarani, inashughulika na makaratasi mengi, na inakata labda robo ya malipo ya mzigo, wengine zaidi.

Wa pili amefungua duka lake mwenyewe. Ana othoriti, ambayo ni kibali cha FMCSA, chombo cha serikali kuu ya Marekani kinachosimamia usalama wa malori, cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo kuvuka majimbo. Hakatwi na kampuni yoyote, ila bima, mizigo, madai, ukaguzi, kila kitu kiko juu yake. Huyu ndo binamu yangu.

Wa tatu yuko kwenye lisi-pachesi. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndo mlango ambao wageni wengi wanapitishwa, hasa mtu asiye na historia ya mkopo benki. Kampuni inakwambia njoo, huna haja ya kianzio, chukua lori hili, tutakuwa tunakata kila wiki, baada ya miaka kadhaa ni lako. Wabongo tunaijua hii, ni bodaboda ya mkataba. Unapeleka hesabu kila siku, muda ukiisha pikipiki ni yako. Tofauti ni moja lakini ni kubwa: kwenye bodaboda ya mkataba mwenye pikipiki hakupangii abiria, unahangaika mwenyewe kijiweni. Kwenye lisi-pachesi yule yule anayekudai hela ya lori ndo anayekupa mizigo. Akikupa mizigo kidogo wiki tatu mfululizo, marejesho hayapungui, unashindwa, lori linarudi kwake, anampa mwingine. Sisemi wote wanafanya hivyo kwa makusudi. Ila Bunge la Marekani kupitia sheria ya miundombinu ya 2021 liliagiza iundwe kamati maalum ichunguze mikataba hii, na Januari 2025 kamati ikatoa ripoti ikipendekeza mikataba ya namna hiyo ipigwe marufuku kabisa. Marufuku yenyewe ni kazi ya Bunge. Wewe huna haja ya kuwasubiri, kama mlango pekee uliofunguka ni huo basi kaa kwenye mshahara mwaka mwingine ukiweka akiba.

Turudi kwenye hela sasa. Grosi ni kila kinachoingia kabla hujatoa kitu. Mama anayeuza maandazi akiuza ya elfu hamsini hasemi amepata elfu hamsini, unga, mafuta na mkaa vina mwenyewe. Cha ajabu ukimpandisha mtu kwenye lori la dola laki moja anasahau hesabu aliyokuwa anaijua tangu mtoto.

Kwenye malori hesabu inafanywa kwa maili. Unajiuliza: kila maili moja tairi zikizunguka, inanigharimu shilingi ngapi, samahani, senti ngapi. Na gharama ziko za aina mbili. Kuna zile zinazokaa pale pale hata lori likilala, kama kodi ya nyumba, haijali umelala ndani au umesafiri: marejesho ya lori, bima, kukodi trela, maegesho, usajili. Alafu kuna zinazotembea na tairi: dizeli, oili, tairi zenyewe, matengenezo.

Tuchukue mfano, namba za mfano tu, zako zitakuwa tofauti. Lori dola 2,200 kwa mwezi, bima 1,400 (mwenye othoriti mpya anaweza kulipishwa juu zaidi ya hapo, mwaka wa kwanza makampuni ya bima yanakuogopa), trela 800, vidogo vidogo 400. Jumla 4,800. Ukitembea maili 8,000 kwa mwezi, hiyo ni senti 60 kwa maili. Ukitembea 5,000 kwa sababu mizigo imekauka au umeumwa, hiyo hiyo 4,800 inakuwa senti 96 kwa maili, na hujanunua kitu chochote kipya. Dizeli ikiwa dola 3.90 kwa galoni na lori linakula galoni moja kwa maili sita na nusu, ni senti 60 nyingine. Weka senti 20 za matengenezo na tairi. Tuko dola 1.40 kwa mwezi mzuri, dola 1.76 kwa mwezi mbaya, na dereva bado hajalipwa.

Dereva ni wewe. Watu wengi wanaacha hapo, wanasema mimi ni bosi silipwi mshahara, faida ndo mshahara wangu. Hapana jamani. Kama ungeweza kukaa kwa bosi ukalipwa senti 65 bila kuwaza bima wala injini, basi senti 65 ni gharama. Ziweke. Sasa tumefika dola 2.05 mwezi mzuri, 2.41 mwezi mbaya. Chochote juu ya hapo ndo faida ya biashara. Na nikuthibitishie kwamba sitishi watu: ATRI, taasisi ya utafiti ya sekta ya malori huko huko Marekani, kila mwaka inapiga gharama ya kuendesha lori maili moja kwa makampuni, na kwa 2024 ilitoka dola 2.26, mshahara wa dereva ukiwa ndani. Kwa hiyo ndugu wa Texas, zile dola zako nyingine zimeenda huko. Bosi wako mwaka ule pengine alibaki na senti kadhaa kwa maili, au hakubaki na kitu.

Lakini kuna kitu kinachoua watu kuliko dizeli, nacho ni maili tupu.

Lodi bodi, yani soko la mizigo la mtandaoni, inakuonyesha bei na umbali wa mzigo. Tuseme umeona mzigo wa Atlanta kwenda Miami, kama maili 660, dola 1,980. Dola tatu kwa maili! Unapiga simu haraka mwingine asiuwahi. Umefika Miami, umeshusha, unafungua simu utafute wa kurudi nao, na hapo ndo unagundua kitu ambacho kila dereva mkongwe anakijua, Florida inakula mizigo mingi kuliko inayotoa, malori mengi yanaingia yamejaa na yote yanataka kutoka, kwa hiyo bei ya kutoka ni ya kukutukana. Unakataa, unapanda mtupu hadi Savannah, karibu maili 490, ndo unapata mzigo wa maana. Ile 1,980 sasa igawe kwa maili 1,150 ulizotembea: dola 1.72, chini ya ile 2.05 yetu ya mwezi mzuri. Kwa lori la mfano wetu hapo umelipa hela yako mfukoni ili uwe na heshima ya kupeleka mzigo wa mtu baharini. Ndo maana wazoefu hawaulizi mzigo unalipa ngapi, wanaulizana unaniacha wapi.

Na usiseme basi nitaendesha sana kufidia, sheria haikuruhusu. Baada ya kupumzika masaa 10 mfululizo unaruhusiwa kuendesha masaa 11, na hayo 11 lazima yaingie ndani ya dirisha la masaa 14 tangu uanze kazi, pamoja na kikomo cha masaa 70 ya kazi kwa siku 8. Tangu Desemba 2017 malori mengi yanatakiwa kuwa na ELD, kidude kinachosoma injini moja kwa moja, kwa hiyo zile daftari mbili za zamani, moja ya kweli na moja ya polisi, zimeisha. Dirisha la masaa 14 kwa kawaida likianza halisimami. Umefika ghala la vyakula saa mbili asubuhi, wanakwambia subiri, unasubiri masaa matano wanapakua taratibu kama wanahesabu punje, hayo matano yamekwenda. Malipo ya kusubirishwa yapo, kwa kawaida yanaanza baada ya masaa mawili ya bure, ila kuyadai ni kazi nyingine na hayakurudishii mzigo uliokuwa uchukue jioni.

Alafu hela yenyewe haiji siku unayoshusha. Madalali, yani wale wanaokaa kati ya mwenye mzigo na mwenye lori, wengi wanalipa kama siku 30 baadaye, wengine zaidi, na kituo cha dizeli hakijui habari ya siku 30. Hapo ndo inaingia faktaringi: kampuni inanunua deni lako leo, inakupa hela kesho, inakata asilimia chache, mara nyingi kati ya 2 na 5. Sio wizi, ni bei ya kuharakisha hela yako mwenyewe, ila lazima iwe kwenye hesabu. Dispacha naye, kama umemwajiri akutafutie mizigo, anakata chake kwenye grosi, siyo kwenye faida, na kwa sababu hiyo yeye hajali sana maili tupu zako. Liwaze hilo vizuri kabla hujamwamini anapokwambia huu mzigo ni mtamu.

Kuhusu madalali, maneno ni mengi, kwamba wanachukua nusu. Wapo wezi kweli, wapo hata wanaojifanya kampuni halali wanauza mzigo wako kwa mwingine na kutoweka na malipo, lakini dalali wa kawaida anabaki na kitu kama asilimia 15 hivi, na soko likigeuka ghafla kuna mizigo anakula hasara. Sheria inampa mbebaji haki ya kuona kumbukumbu ya mzigo, mteja alilipa ngapi, na ndo maana mikataba mingi ya madalali ina kifungu kidogo cha wewe kuiacha haki hiyo, unasaini bila kusoma. Kila dalali anatakiwa kuwa na dhamana ya dola 75,000. Inaonekana nyingi mpaka afilisike akiwa anadaiwa na malori mia mbili.

Kingine nisikie tena nitalia: "nitanunua lori jipya, kwani si natoa kwenye kodi?" Kutoa kwenye kodi maana yake ile hela haikatwi kodi, haimaanishi serikali inakurudishia. Umetumia dola moja, kodi imepungua labda senti 30, senti 70 zimeondoka mazima. Tena kwenye kodi ona-opareta ana mzigo ambao mwajiriwa haoni: michango ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, ni asilimia 15.3, mwajiriwa analipa nusu na bosi nusu, wewe sasa ni wote wawili. Na hakuna anayekukata, unapeleka mwenyewe mara nne kwa mwaka, Aprili, Juni, Septemba, Januari. Wengi wanaila hela ya kodi wakidhani ni yao, Aprili ikifika wanauza trela.

Makaratasi nitapita haraka, maana hayo ndo watu wanayaogopa wakati ndo sehemu rahisi. Namba ya USDOT, yani ya usajili wa serikali, ni bure, ukipokea barua yenye nembo kama ya serikali inadai mamia ya dola kwa ajili yake, chana. Kuomba othoriti ni dola 300, ombi linatangazwa siku 10 ili mwenye pingamizi aseme, alafu bima yako lazima iwe imesajiliwa kwao. Kwa mizigo ya kawaida sheria inataka bima ya dola 750,000, ila madalali karibu wote hawakugusi bila milioni moja, na ya mzigo wenyewe laki moja. Kuna IFTA, hesabu ya kodi ya dizeli kila miezi mitatu kulingana na majimbo uliyopita. Kuna fomu 2290 ya malori mazito, dola 550 kwa mwaka kwa semi ya kawaida. Lazima ujiunge na mpango wa kupimwa dawa za kulevya kwa kushtukizwa, ndio, hata kama kampuni nzima ni wewe peke yako. Miezi 18 ya kwanza uko chini ya uangalizi na watakuja kukagua vitabu. Na tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva akishindwa kuongea na mkaguzi kwa Kiingereza au kusoma alama za barabarani anaweza kusimamishwa papo hapo, kwa hiyo usimpe ndugu yako aliyefika juzi akushikie usukani kwa sababu tu ni ndugu.

Kama ni urahisi hivyo kuingia, mbona si kila mtu tajiri? Ni kwa sababu ya urahisi wenyewe. Mpaka 1980 kupata kibali cha kubeba mizigo Marekani ilikuwa kazi kubwa, waliokuwa nacho walikuwa wanakulinda usiingie. Rais Jimmy Carter akasaini sheria ya kulegeza, mlango ukafunguka, na tangu hapo mchezo ni ule ule: bei ikipanda watu wanakimbilia kununua malori, malori yakizidi mizigo bei inaanguka, waliochelewa kuingia wanabaki na madeni. 2021 bei zilipaa, lori lililotumika likawa linauzwa kama jipya, watu wakanunua. 2022 bei za mizigo zikaanza kushuka wakati dizeli inapanda, Juni mwaka huo wastani wa nchi ulipita dola 5.80 kwa galoni, haijawahi kutokea kabla. Mwenye lori alilonunua kwa bei ya 2019 alikunja uso akaendelea. Mwenye la bei ya 2021 akalirudisha benki. Wote walikuwa madreva wazuri tu.

Sasa ile elfu saba na mia mbili. Wiki ile binamu alitembea maili 3,100, kati ya hizo 600 tupu. Dizeli 1,860. Sehemu ya wiki ya zile gharama zinazokaa pale pale, 1,110. Faktaringi 216. Dispacha 360. Imebaki 3,654, kodi bado, matengenezo bado. Hiyo ni wiki nzuri, siidharau, na kama zingekuwa zinafuatana hivyo mwaka mzima na mimi ningeshajifunza kuendesha.

Wiki iliyofuata mfumo wa kusafisha moshi ukagoma akiwa Oklahoma. Malori ya kuanzia 2007 yana chujio la moshi, ya 2010 kuendelea yakaongezewa ule mfumo wa DEF, maji maalum ya kusafisha moshi, na sensa moja ikizingua kompyuta inaweza kukata nguvu ya injini mpaka unatambaa. Siku tano gereji, bili 3,400, mizigo sifuri, na zile 1,110 zikaja kama kawaida. Jumlisha wiki mbili: amepoteza dola 856. Hakuwa amekosea kitu. Kilichomuokoa ni kwamba alikuwa na akiba ya dola elfu kumi na tano hajaigusa, na kwa maoni yangu hiyo ni ndogo, kwa sababu injini ikitaka kufunguliwa yote bili inaweza kupita 20,000.

Mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia nunua lori lako kwa mkopo wa kawaida, lililotumika, fundi wa kwako akalikague siyo wa muuzaji, alafu lisi kwa kampuni mwaka mmoja ujifunze ukiwa chini ya mwamvuli wa mtu. Mkataba usomwe. Sheria inataka uwe wa maandishi, inataka ulipwe ndani ya siku 15 baada ya kupeleka karatasi za mzigo, na kama wanakukata hela ya dhamana kila wiki wanatakiwa kukurudishia kilichobaki ndani ya siku 45 mkiachana. Waulize wanaoendesha pale sasa hivi kama kweli zilirudi. Wale wa ofisini usiwaulize.

Ndugu wa Texas bado yuko kwa bosi wake na senti zake 65. Kila mwisho wa mwezi ananiandikia, vipi, jamaa kapiga ngapi? Namtumia namba mbili tu, maili zote na maili tupu, grosi simtumii. Mwezi uliopita kwa mara ya kwanza akanijibu kwa swali, dizeli alinunua jimbo gani.